Namna ya kutunga dansi ya kisasa kutoka kitabu cha Kirusi na ngoma za vijiji vya kwao: anza na msuko wa nywele

Ukimwambia mtu atunge dansi ya kisasa kutokana na kitabu cha Kirusi, mara nyingi anafanya hivi: anachukua hadithi yote toka ukurasa wa kwanza, anagawa watu, wewe Tatiana wewe Onegin, afu pale katikati anachomeka ngoma ya kienyeji, wasichana wanne na vitambaa vyekundu wanazunguka, ili watazamaji wajue hapa ni Urusi. Nimeziangalia kazi za namna hii nyingi na ugonjwa wao ni uleule, kitabu kiko kivyake, ngoma iko kivyake, na wachezaji wamebaki katikati wanahangaika kuigiza sura ya huzuni.

Njia ambayo kwangu imefanya kazi ni nyingine. Hadithi iache kwanza. Tafuta ndani ya maandishi sehemu ambayo mila yenyewe imejificha, kitendo kimoja cha mwili ambacho watu wa kijijini walikuwa wanakifanya kweli na mwandishi akakiweka, hata kama ni kwenye mstari mmoja tu, afu dansi yote itokee hapo. Ntatumia mfano mmoja toka mwanzo mpaka mwisho uone inavyokwenda, na mwishoni ntakutajia mingine miwili kama huu hautakugusa.

Mfano wetu uko kwenye Evgeny Onegin ya Pushkin, ile riwaya ya kishairi iliyotoka kamili mwaka 1833. Fungua sura ya tatu. Watu wote wanaikumbuka hii sura kwa sababu ya barua, Tatiana kampenda Onegin na usiku anakaa kumwandikia. Lakini kabla ya barua kuna maongezi mafupi na yaya wake mzee. Tatiana hana usingizi, anamuuliza bibi, hivi na wewe enzi zako ulipenda? Bibi anashangaa kabisa, anasema sisi miaka ile mambo ya mapenzi hata hatukuyasikia, mama mkwe angenitoa duniani. Sasa uliolewaje? Anajibu, Mungu ndo alipanga hivyo, Vanya wangu alikuwa mdogo kuliko mimi na mimi nilikuwa na miaka 13, mshenga akaja kwetu kama wiki mbili, mwisho baba akanipa baraka, nikalia sana kwa woga, wakanifumua msuko huku wanalia, wakanipeleka kanisani huku wanaimba. Ndo nikaingizwa kwenye familia ya watu nisiowajua. Afu bibi anakatiza, anamwambia, lakini wewe hata hunisikilizi.

Soma tena hapo kwenye msuko. Hiyo Pushkin hakuibuni, ndo mila yenyewe. Kwenye vijiji vya Urusi msichana ambaye hajaolewa alikuwa anasuka msuko mmoja unaoshuka mgongoni, watu wote wanauona. Kabla ya kwenda kanisani marafiki zake wanaufumua, wanaimba nyimbo za maombolezo, na bibi harusi analazimika kulia hata kama mwenyewe anamtaka huyo mwanaume, kulia ni sehemu ya shughuli. Baada ya ndoa nywele zinasukwa misuko miwili, inazungushwa kichwani, inafunikwa, na kuanzia siku hiyo mtu wa nje haruhusiwi kuziona tena. Maisha yote ya mwanamke yamekaa kwenye kitendo cha dakika chache, na kitendo chenyewe ni cha mikono na shingo na kichwa. Mtunzi wa dansi akitaka zaidi ya hapo sijui anataka nini.

Huu msuko umeshachezwa jukwaani, na ni lazima uijue hiyo kazi kabla hujaanza yako. Tarehe 13 Juni 1923 mjini Paris, mtunzi wa dansi Bronislava Nijinska alionyesha Les Noces, kwa Kirusi Svadebka, muziki wa Stravinsky, waimbaji, piano nne na ngoma za kupiga. Maneno ya nyimbo yalitoka kwenye mkusanyiko wa Kireevsky wa nyimbo za harusi za vijijini. Natalia Goncharova kwanza alichora mavazi ya rangi kali za sherehe, Nijinska akayakataa, ikabaki kahawia na nyeupe tu, na misuko ya bibi harusi ikawa mirefu kama kamba, marafiki zake wameishika. Kuna picha moja pale vichwa vya wasichana vimepangwa juu ya vingine kama kuni, cha bibi harusi kiko juu kabisa. Harusi nzima hakuna anayetabasamu. Kaiangalie video mara mbili, afu iache. Kamba ndefu ni za Nijinska, piramidi ya vichwa ni ya Nijinska, ukizirudia utakuwa umetengeneza kopi. Na mwenzake wa karne hii, Tatiana Baganova wa kundi la Provincial Dances la Yekaterinburg, naye alitunga Svadebka yake juu ya muziki huohuo na ikawa kitu tofauti kabisa, kwa hiyo nafasi bado ipo.

Haya, tuingie studio. Siku ya kwanza usifundishe stepu yoyote. Tafuta mchezaji mwenye nywele ndefu, zisukwe msuko mmoja vizuri, akae kwenye kiti, na mwingine asimame nyuma yake aufumue polepole. Wengine wote wakae chini waangalie, kimya. Usiwaambie waigize chochote. Waambie waangalie kichwa.

Utaona hivi. Kila mkono unapotenganisha fungu la nywele, kichwa kinavutwa nyuma kidogo, sentimita mbili hivi, afu kinarudi mbele chenyewe. Kidevu kinapanda. Macho yanataka kufunga. Bega la upande unaovutwa linapanda kusaidia shingo. Na vidole vya yule aliyekaa, hata hajui, vinashika ukingo wa kiti. Mkono ukifika juu karibu na kisogo mvuto unakuwa mfupi na wa haraka, na mwisho kabisa nywele zikiachiwa, kichwa kinabaki kimesimama bila kitu cha kukishika, kwa sekunde moja hakijui kikae wapi. Mara ya kwanza nilipoona hiyo sekunde nilisimamisha mazoezi, nikawaambia wote wasimame na wajaribu kuitafuta bila nywele na bila mtu nyuma. Tulikaa saa nzima hapo tu. Hiyo ndo stepu yako ya kwanza: mvuto mdogo nyuma, kurudi, mvuto mdogo nyuma, kurudi, kuachiwa. Iandike kwenye daftari. Ikuze baadaye, mvuto uanzie kisogoni ushuke kwenye uti wa mgongo mpaka mtu arudi hatua tatu nyuma, lakini uanze na ule wa sentimita mbili kwanza, maana mchezaji akianza na mkubwa anafanya tu kujipinda mgongo kama anavyojua toka shule na hakuna nywele tena ndani yake.

Siku ya pili, msuko wa watu. Hii naipenda sana, na ni rahisi ukiielewa. Watu watatu wanatembea mbele bega kwa bega, mmoja kushoto, mmoja kati, mmoja kulia. Wa kulia anapita mbele ya wa kati na kuchukua nafasi yake, yule aliyekuwa kati anahamia kulia. Afu wa kushoto anapita mbele ya aliye kati sasa na kuchukua nafasi, huyo anahamia kushoto. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama mikono ya mtu anayesuka. Ukifika mara sita kila mtu amerudi alipoanzia na nyuma yenu sakafuni mmeacha msuko mmoja kamili, ungekuwa na unga miguuni ungeuona. Hii haiko mbali na ngoma zao, kwenye horovodi, yaani ngoma ya duara ya Kirusi, kuna mchoro unaitwa pleteni, uzio wa fito, ambapo watu wanapitiana hivyohivyo kama fito zinavyosukwa.

Sasa kufumua. Mnarudi kinyumenyume kwa njia ileile, aliyeingia mwisho ndo anatoka kwanza, na hakuna kugeuza kichwa kuangalia. Hapo watu wanagongana, na ni kawaida, inachukua siku mbili tatu mpaka waache kuhesabu na waanze kusikia miguu ya mwenzao. Usiwaharakishe. Wakishaweza, ongeza ule mvuto wa shingo: kila anayetoka katikati anavutwa na kichwa kwanza, miguu inafuata.

Afu linakuja jambo ambalo ndo moyo wa kazi yote kwangu. Msichana msuko mmoja, watu watatu. Mke misuko miwili, watu sita. Kwa hiyo wakati wa kufumua ukiisha, wanaingia watu wengine watatu kutoka pembeni ambao yaya, maana yeye ndo bibi harusi wetu, hajawahi kucheza nao toka mwanzo wa dansi, ndo ile familia ngeni ya bibi, na wao wanaanza kusuka mara moja, haraka, kwa mwendo wao, na yeye inabidi aingie kwenye msuko ambao hesabu yake haijui vizuri. Kwenye mazoezi ningekushauri hao watatu uwafundishe chumba kingine au siku nyingine, mwendo wao uwe mzito kidogo na miguu inagusa chini tofauti, ili ugeni uwe wa kweli mwilini usiwe wa kuigiza.

Sasa stepu zenyewe za kienyeji, maana huwezi kuvunja kitu ambacho hukijui. Kwanza jua kwamba kile unachokiona kwenye video nyingi ni ngoma ya jukwaani. Igor Moiseyev alianzisha kundi lake la ngoma 1937, Nadezhda Nadezhdina alianzisha kundi la wasichana la Beryozka 1948, na ule mwendo maarufu wa wasichana wanaoteleza kama wako juu ya magurudumu, hatua ndogondogo za juu ya vidole chini ya sketi inayofika sakafuni, ni ubunifu wake yeye na ni mzuri kweli, lakini kijijini walikuwa wanatembea tu. Mi nakushauri utafute rekodi za vijijini, bibi wamesimama uwanjani kwenye nyasi wanaimba na kutembea, maana humo ndo kuna uzito ambao dansi ya kisasa inautaka.

Na Urusi ni kubwa, kaskazini sio kusini. Kule Arkhangelsk horovodi ni ya taratibu, mgongo umenyooka, mikono imetulia, msichana anatembea kama amebeba kitu kichwani na hataki kimwagike, na vazi ni sarafani, gauni refu lisilo na mikono. Kusini kwenye Kursk na Belgorod duara linaitwa karagodi na miguu inapiga chini muda wote, na kuna kitu kinaitwa pereseki, maana yake ni kama kukatisha, ambapo kundi moja linashika mapigo ya msingi kwa miguu na wengine wanapiga kukatisha katikati yake, huku wote wanaimba. Usichanganye hizi mbili kwenye sentensi moja ya dansi bila sababu. Kwa kazi yetu mi nilichukua kaskazini kwa marafiki wa bibi harusi na kusini kwa familia ya mume, kwa hiyo ugeni unasikika mpaka sakafuni.

Jifunze vitu vichache tu, lakini vizuri. Kutembea kwa horovodi, mmeshikana mikono, mnafuata uelekeo wa jua, goti laini, mguu mzima unakaa chini, pumzi inafuata wimbo, na hii peke yake fanyeni dakika 20 kila siku kabla ya kitu kingine, inaonekana kama hamfanyi kitu lakini baada ya wiki kundi linapumua pamoja. Kovyryalochka: goti limegeukia ndani na ncha ya mguu inagusa chini, afu goti linafunguka nje na kisigino kinagusa palepale, afu unakita miguu mara tatu haraka. Ncha, kisigino, ta-ta-ta. Kukita mguu: usipige kwa kisigino kikavu, piga kwa wayo wote huku kifundo kimelegea, sauti iwe nene isiwe kali, na usifanye hivyo peku kwenye sakafu ya saruji hata siku moja, vaa viatu laini vya ngozi na tafuta sakafu ya mbao, vinginevyo baada ya wiki mbili una wachezaji wanachechemea. Prisyadka, ile ya wanaume kuchuchumaa na kurusha miguu, kwa kazi hii haihitajiki, na ukiitaka kwa kazi nyingine basi magoti yaandaliwe kwa wiki kadhaa, mgongo umenyooka, na usikae chini kabisa ukidunda.

Kwa pereseki anza hivi: nusu ya kundi wapige miguu kwa mbili, nusu kwa tatu, polepole mno, midomo inahesabu kwa sauti. Wakizoea, acheni kuhesabu, imbeni noti moja ndefu juu yake. Ukishasikia sakafu inaongea yenyewe ujue wameingia.

Baada ya kuzijua ndo unazivunja. Chukua kovyryalochka uondoe ta-ta-ta, ibaki ncha, kisigino, na kimya cha mapigo mawili. Au ifanye ukiwa umelala chali, goti ndani, goti nje, ndo mtu ambaye hana usingizi kitandani, ndo Tatiana. Au mwili wote utembee horovodi lakini duara halipo, kila mtu kashika mkono wa mtu ambaye hayupo. Msimamo wangu ni kwamba stepu moja ya kienyeji ikivunjwa kwa njia nne inatosha kwa dakika 10 za dansi, na ukileta stepu 15 unapata tamasha.

Sasa mpangilio, na hapa Pushkin mwenyewe anakusaidia kuliko mwalimu yeyote. Ubeti wa Onegin una mishororo 14, kila mshororo mapigo manne, jepesi zito jepesi zito, na vina vyake vimepangwa hivi: ab ab, afu cc dd, afu e ff e, afu gg. Yaani mishororo minne inapishana, minne inakwenda mbilimbili, minne inakumbatiana, na miwili inafunga. Hiyo ni ramani ya dansi. Sentensi ya mwendo A, B, A, B, ina maana ya tatu inarudi kwenye ya kwanza lakini sio sawasawa, inafanana mwisho tu, kama kina kinavyofanana silabi za mwisho. Kwenye cc dd kila kitu kinafanywa mara mbili na watu wawili. Kwenye e ff e mnaanza na kitu, mnaingia ndani, mnatoka na kitu kilekile. Na gg ni haraka, mara mbili, basi.

Na sasa angalia vina vya ubeti wa bibi, ubeti wa 18 wa hiyo sura ya tatu, hata kama Kirusi hukijui msikilize mtu anayeusoma. Mapenzi kwa Kirusi ni lyubov, mama mkwe ni svekrov, na ndo vinatengeneza kina pale mwanzo. Mshenga ni svakha na woga kwenye huo mshororo ni strakha, navyo vinaoana. Na mishororo miwili ya mwisho, ile ya kufunga, inaisha na raspleli na poveli, wakafumua, wakapeleka. Wakafumua huku wanalia, wakapeleka huku wanaimba. Maisha ya mtu yamegeuzwa ndani ya kina kimoja, na ubeti umeisha. Familia ngeni inaanza ubeti unaofuata.

Kwa hiyo usifanye kosa nililolifanya mimi mwanzoni la kurefusha kufumua kuwe dakika tano za machozi kwa sababu ni tukio kubwa. Lifanye fupi. Jenga mishororo 12 ya taratibu, mshenga anakuja, anarudi, baba anakubali, woga, afu kufumua na kupelekwa viwe sentensi mbili za mwendo uleule, ya kwanza imechezwa na pumzi ya kulia, ya pili imechezwa na pumzi ya kuimba. Stepu zilezile kabisa, pumzi tu ndo imebadilika. Nakuhakikishia hapo ukumbi utanyamaza.

Pumzi ya kulia tuizungumzie kidogo. Maombolezo ya harusi ya Kirusi yanaanza juu na kushuka, mshororo mmoja pumzi moja, na mwishoni sauti inakatika kama kwikwi. Wafundishe wachezaji kutoa pumzi ndefu mpaka kifua kishuke na mabega yaingie ndani, na ile kwikwi ya mwisho ndo inayoanzisha hatua inayofuata. Mguu usitangulie kwikwi. Pumzi ya kuimba ni kinyume, mbavu zinafunguka pembeni, na mguu unakwenda na mwanzo wa sauti.

Tatiana yuko wapi kwenye haya yote? Yuko jukwaani toka mwanzo, amekaa na kiti chake upande mmoja mbele, na hamwangalii bibi. Hii ni muhimu kwangu kuliko stepu yoyote. Bibi anasimulia kwa mwili wake na kundi lote nyuma yake, na binti yuko na mawazo yake ya barua, na watazamaji ndo watu pekee wanaomsikiliza bibi. Mpe Tatiana mwendo mdogo sana wa mkono wa kuandika hewani au kwenye paja, usikatike hata wakati wa kufumua. Yaya achezwe na mchezaji mwenye umri, kama unaye. Usimtafute kijana umpinde mgongo.

Muziki: kama kundi lako halina hela ya haki miliki, achana na Stravinsky, maana alikufa 1971 na Ulaya kazi inalindwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo ni mpaka mwisho wa 2041. Rekodi nazo zina wenyewe, hata za nyimbo za zamani, omba ruhusa. Kwa masikio tu, sikiliza Les Noces ilivyoimbwa na kundi la Dmitry Pokrovsky, watu waliojifunza kuimba kutoka kwa wazee wa vijijini, utasikia sauti za kifuani, kavu, zilizonyooka, hakuna urembo wa opera. Halafu tengeneza sauti yako kwa miguu, pumzi, vijiko vya mbao, na mtu mmoja anayesoma ubeti kwa Kirusi. Garmoni, yaani kodiani yao ya kijijini, ukipata mtu wa kuipiga papo hapo ni heri kubwa, lakini iingie na familia ya mume tu.

Mavazi sina mengi. Usivalishe mtu kokoshniki, ile taji ya duka la zawadi. Shati la kitani, sketi nzito inayofika kifundoni ili uzito wake ubadilishe mzunguko, na kitambaa kimoja cha kichwa kwa ajili ya mwisho. Mazoezi yafanyike na sketi hizo toka wiki ya pili, sio siku ya mazoezi ya mwisho, sketi nzito inachelewa kusimama wakati wewe umeshasimama na hiyo ni sehemu ya dansi.

Mtego mmoja naomba uukwepe. Hopaki, ile ngoma ya kuruka, na zile suruali pana nyekundu ni za Ukraina, na hadithi za mwandishi Gogol za kijiji cha Dikanka zinatokea Ukraina pia. Usizitie kwenye chungu kimoja na kuandika Urusi juu yake, watu wenyewe wanajali na wana haki ya kujali.

Kama msuko sio wako, kuna Natasha kwenye Vita na Amani ya Tolstoy, kule nyumbani kwa mjomba baada ya kuwinda. Mjomba anapiga gitaa, Natasha anatupa shali, anashika kiuno, anasogeza mabega, anasimama. Basi, hayo ndo Tolstoy anayaelezea, mwanzo tu, mengine yote ni sura za watu wanaomwangalia. Anauliza huyu binti aliyelelewa na mwanamke wa Kifaransa kayatoa wapi haya, na jibu lake ni kwamba yako kwenye hewa aliyovuta. Mi sikubaliani naye, mwili unajifunza kwa kuona, mahali fulani Natasha aliwaona watumishi wakicheza, na hapo ndo kuna dansi: mtoto mlangoni anaangalia mabega ya mtu mwingine.

Ya pili ni Vasilisa kutoka ngano za Afanasyev, zilizochapishwa kati ya 1855 na 1863. Mama anakufa, anamwachia mtoto mwanasesere wa kuweka mfukoni na kumlisha, na mtoto anatumwa kuomba moto kwa Baba Yaga. Jina lisikuchanganye, huyu ni bibi kizee, ana mguu wa mfupa, anasafiri kwenye kinu, anasukuma na mchi na kufuta nyayo kwa ufagio. Njiani wanampita wapanda farasi watatu, mweupe, mwekundu, mweusi, ndo mchana, jua na usiku. Kitendo cha kujengea ni mkono mmoja ambao hautoki mfukoni dansi nzima. Mpe mchezaji kazi zote, kufua, kufagia, kuchambua nafaka, kwa mkono mmoja tu, na uone mwili unajipanga vipi.

Turudi kwenye msuko tumalizie. Kazi ikiwa na dakika 12 au 15 inatosha. Usionyeshe ndoa baada ya ndoa. Watu sita wakishasuka misuko yao miwili mara moja kamili, mmoja wa wale wageni anatoa kitambaa na kukifunga kichwani kwa bibi, kwa fundo la nyuma, bila haraka, na kile kichwa kilichokuwa kinavutwa nyuma toka mwanzo hakivutwi tena. Kiache kimetulia hivyo kwa mapigo manane. Kundi linaendelea kupiga miguu nyuma, Tatiana anaendelea kuandika. Bibi anageuza kichwa mara moja amwangalie binti, na hapo taa zizime kwanza, miguu inyamaze baadaye.